Kazi ya Bwana Afya Kaskazini: Ipo, Lakini Uliza Kwanza Nani Analipa

Mpwa wangu alimaliza diploma ya afya ya mazingira mwaka jana. Tangu hapo asubuhi yake inaanzia kwenye simu akitafuta matangazo ya kazi, na jioni yake inaishia barazani. Mwezi uliopita alinijia na tangazo la kaunti moja ya Kaskazini iliyokuwa ikitafuta maafisa wa afya ya umma. "Mjomba, niombe au nisiombe?" Kabla sijafungua mdomo, mamake, ambaye ni dadangu mkubwa, alijibu kutoka jikoni: "Huko haendi mtu."

Si yeye wa kwanza kuniuliza. Vijana wa Mombasa, Kwale na Malindi hunipigia wakijua kwamba kati ya mwaka 2016 na 2018 niliifanya kazi hiyo huko, nikiwa na diploma kama waliyonayo wao. Kila mmoja nimekuwa nikimjibu kwa kipande kipande. Leo nimeona niandike jibu zima, ili anayetaka kwenda aende akijua, na mzazi anayekataa akatae akijua.

Kaskazini ninayoizungumzia ni kaunti saba: Garissa, Wajir, Mandera, Isiolo, Marsabit, Samburu na Turkana.

Wakaguzi ni wa aina mbili, na waajiri ni wawili

Kwetu Pwani, bwana afya tunamjua kwa kufunga hoteli na kudai vyeti vya afya vya wapishi, vile vinavyopimwa upya kila miezi sita. Hiyo ni sehemu ndogo tu ya kazi yake. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ambayo ipo tangu 1921, inamtwika maji, vyoo, takataka, mbu, panya, makazi, maziko na magonjwa ya kuambukiza. Tangu ugatuzi wa mwaka 2013, huyu ni mtu wa kaunti. Anaajiriwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, na mshahara wake unatoka kwenye hazina ya kaunti.

Pembeni yake yupo mkaguzi wa usalama na afya kazini. Huyu anafuata Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, anaingia viwandani, kwenye machimbo na kwenye ujenzi, na ni mtu wa serikali kuu chini ya Wizara ya Leba. Mtu wa tatu, anayesahaulika, ni afisa wa afya wa bandari na mipaka. Sisi tunamwona Kilindini akipanda meli, lakini mwenzake yuko Moyale, ambako kituo cha pamoja cha mpaka wa Kenya na Ethiopia kilifunguliwa rasmi Desemba 2020. Naye pia ni wa serikali kuu.

Naeleza haya mapema kwa sababu nimeona vijana wakipeleka barua za maombi ya kazi ya mpakani kwenye afisi ya kaunti, kisha wakilalamika kwamba hawakujibiwa.

Uhitaji ni mkubwa. Nafasi je?

Kaunti ya Mombasa ina kama kilomita 220 za mraba za nchi kavu. Turkana peke yake inakaribia 70,000. Afisa mmoja wa huko anaweza kukabidhiwa eneo ambalo huku kwetu lingekuwa kaunti nzima, na ndani ya eneo hilo maji ya kunywa yanatoka kwenye silanga wanakonywa pia ngamia, kwenye visima vya kuchimbwa, kwenye maboza yanayoletwa wakati wa ukame, na kwenye matangi ya ardhini wanayoyaita berkedi. (Jina hilo lina asili moja na birika letu la kutawadhia msikitini. Siku ya kwanza kulisikia nilihisi niko nyumbani, mpaka nikachungulia ndani.)

Ukame wa misimu mitano mfululizo ulioanza 2020 ulifuatwa na mafuriko ya mwisho wa 2023, na katikati ya hayo yote kipindupindu kilipita Garissa, Wajir na Mandera. Wala tusijidanganye kwamba hayo ni mambo ya huko. Homa ya Bonde la Ufa ilianzia Garissa mwishoni mwa 2006, ikashuka hadi Tana River na Kilifi. Mwaka 2016 Mandera ililala chini kwa chikungunya, na mwisho wa 2017 ilikuwa zamu ya Mombasa. Anayesoma hapa na aliyetembea kwa kujishika ukuta wakati ule hahitaji kuelezwa zaidi. Mbu anayeachwa huko na nyama isiyokaguliwa huko vina njia ya kutufikia.

Kwa hivyo ukimuuliza mtu yeyote wa wizara kama wakaguzi wanahitajika Kaskazini, atakwambia wanahitajika sana, na atakuwa amesema kweli. Vijana wetu hapo ndipo wanapokosea. Husikia "wanahitajika" wakadhani wameambiwa "tunaajiri".

Kaunti haiajiri kwa sababu inahitaji watu. Inaajiri ikiwa bajeti ina fungu la mishahara. Kanuni za fedha za umma za mwaka 2015 zinaitaka kaunti isitumie zaidi ya asilimia 35 ya mapato yake kwa mishahara, na kaunti za Kaskazini hukusanya kidogo zenyewe, zikitegemea mgao wa Nairobi, ambao nao huchelewa. Fungu likipatikana, daktari na muuguzi hutangulia. Mama akifia hospitalini kwa kukosa muuguzi, kesho yake wananchi wako barabarani. Watoto wakiharisha kwa sababu hakuna aliyepima maji, hakuna anayeandamana kudai bwana afya. Ndiyo maana utaona tangazo la wauguzi sitini, na chini kabisa maafisa wa afya ya umma wanne.

Hao wanne nao hawako peke yao sokoni. Zamani wanafunzi wa huko walilazimika kusafiri mbali kusoma. Sasa KMTC ina vyuo Garissa na Lodwar, na kila mwaka vijana wa mahali wanahitimu wakijua lugha na njia. Mwenye diploma anashindana pia na mwenye digrii aliyekubali kushushwa cheo ili apate pa kuanzia.

Mlango wa asilimia thelathini

Sasa niseme jambo ambalo nilitamani nami niliambiwe nikiwa kijana. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 65, inaitaka bodi ya kaunti ihakikishe kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi zinakwenda kwa watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa katika kaunti hiyo. Mswahili, Mbajuni, Mdigo au Mgiriama anayeomba Wajir anaingia katika fungu hilo. Sheria hii inavunjwa mara nyingi, Kaskazini na huku kwetu pia, tusijifanye malaika. Lakini ipo, na bodi inayokaguliwa na Bunge hupenda kuwa na majina machache ya kuonyesha.

Halafu kuna hesabu nyingine, ambayo haisemwi kwenye matangazo. Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilitekwa, abiria 28 wakatengwa na kuuawa kwa sababu hawakuwa Waislamu. Baada ya hapo walimu na wahudumu wengi wa afya kutoka bara waliondoka, na wengi hawakurudi. Pengo hilo ndilo lililoniingiza mimi. Sioni fahari kuandika kwamba nilipata kazi kwa sababu wenzangu walikimbia roho zao, ila ndivyo ilivyokuwa. Muislamu wa Pwani hupokelewa kwa wepesi: anasali nao, anafunga nao, chakula hakimpi tabu. Lakini asidhani jina lake ni ngao. Bomu la barabarani halisomi jina la mtu, na afisa wa afya kazi yake ni barabarani.

Kwa mabinti niongeze neno. Kazi nyingi ya usafi iko ndani ya boma: mtungi wa maji, pahali pa kupikia, mtoto anajisaidia wapi. Kwenye familia za wafugaji wa Kiislamu, mwanamume mgeni haingii huko mume akiwa malishoni. Nilikuwa nikisimama nje na kupaza sauti kama muuza samaki. Bibi afya anaingia, anakaa mkekani, anaona kila kitu. Afisa msimamizi wangu alikuwa akiwatafuta wanawake kwa taa, wala hakuwapata.

Hoteli ya mzee

Mji niliopangiwa siutaji, wala kaunti. Nilikuwa na lokesheni nne na pikipiki moja ambayo petroli yake ilitosha wiki mbili za mwezi. Kifaa cha kupimia klorini nilipewa siku ya kwanza. Vidonge vyake viliisha mwezi wa tatu na sikupewa vingine mpaka kipindupindu kilipobisha hodi.

Palikuwa na hoteli moja ya mzee mashuhuri. Choo chake kilikuwa kimejaa mpaka juu, na maji ya kunywa yalikaa kwenye pipa lisilo na kifuniko. Nilimwandikia ilani. Aliikunja, akaitia mfukoni, akaniuliza ukoo wangu. Nikamwambia mimi ni wa Mombasa. Akacheka sana. "Basi hakuna aliyekutuma," akasema. Sikumwelewa mpaka jioni, wenzangu waliponieleza kwamba mkaguzi aliyekuwepo kabla yangu alikuwa kijana wa hapo hapo, na kila alipofunga hoteli alionekana amefunga ukoo fulani kwa niaba ya ukoo mwingine. Mimi sikuwa na ukoo wa kupigania. Nilikwenda kwa imamu baada ya Alasiri, yeye akazungumza na mzee, na wiki tatu baadaye choo kipya kilikuwa kimechimbwa. Ukiwa mgeni unakosa mengi, ila jambo hili unalo na mwenyeji hana.

Mwaka wa pili mshahara ulichelewa miezi mitatu. Nilikuwa wa mkataba, na wa mkataba hulipwa mwisho. Nikaanza kula kwa daftari kwa mzee yule yule. Chai na mahamri asubuhi, wali na nyama ya ngamia mchana, yote yakiandikwa. Siku moja nikaliona pipa limerudi bila kifuniko. Nikaliangalia, nikaliangalia tena, nikanywa chai yangu, nikaondoka. Mzee hakuniambia neno na wala hakuhitaji.

Hilo ndilo ninalotaka kijana alifikirie kabla ya kuuliza habari za joto na nyoka. Mkaguzi asiyelipwa kwa wakati hawezi kukagua. Tunazungumza sana kuhusu hongo, lakini sikupewa hata shilingi moja. Nilipewa chai kwa deni, na ikatosha. Kwa hivyo ukiitwa kwenye usaili, na bodi ikafika pale pa "una swali lolote?", usione haya. Uliza kama ajira ni ya kudumu yenye pensheni au ya mkataba, mkataba ni wa miaka mingapi, na fedha zake ni za kaunti au za mradi wa wafadhili. Wale walioajiriwa kwa mkataba wa UHC mwaka 2020 walikaa miaka mitano wakiandamana kudai masharti ya kudumu. Mkataba wangu ulipoisha 2018 haukufanywa upya, na nililipa deni la mzee kwa M-Pesa nikiwa tayari niko Mombasa.

Kazi isiyo ya kaunti

Nikiwa mpwa wangu, ningetazama zaidi upande wa usalama kazini. Nafasi za ukaguzi za serikali kuu ni chache na hutaka digrii mara nyingi, lakini sheria ile ya 2007 imezaa kazi nje ya serikali. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima awe na kamati ya usalama na afya. Kila mahali pa kazi lazima pafanyiwe ukaguzi wa usalama angalau mara moja kila miezi kumi na miwili, na wanaoufanya ni washauri walioidhinishwa. Mtu lazima awepo kazini kila siku kutayarisha rekodi hizo, kuwavalisha watu kofia na mikanda, na kuandika ajali.

Na Kaskazini panajengwa. Mradi wa upepo wa Turkana, ulioko Marsabit licha ya jina lake, una mitambo 365, na kila mmoja unapandwa na mafundi. Barabara ya Isiolo kwenda Mandera kupitia Wajir inajengwa kwa vipande na wakandarasi tofauti, na kila mkandarasi ana kambi yake, jiko lake, matangi yake ya maji na afisa wake wa usalama. Ipo pia barabara ya Lamu, Ijara hadi Garissa, ambayo kwa mtu wa Lamu ni kama uani. Mafuta ya Lokichar yaligunduliwa 2012, shehena ya kwanza ikaondoka hapa Mombasa Agosti 2019, kisha pakanyamaza. Mwaka 2025 Tullow iliuza mali yake ya Kenya kwa Gulf Energy, na matumaini yamerudi. Mimi nayaweka matumaini hayo pembeni, maana nimewaona vijana wa Turkana waliosomea kazi za mafuta 2014 wakaja kuuza simu. Lakini afisa wa usalama aliyezoea barabara anaweza kuhamia mafuta siku yakitoka, na yasipotoka ana barabara yake.

Mwenye diploma ya afya ya mazingira ameshasoma sehemu ya haya. Akiongeza kozi ya usalama kazini na ya huduma ya kwanza, anaombea kazi pande mbili.

Mashirika

Dadaab ipo tangu 1991 na Kakuma tangu 1992, na kwa miaka mingi kambi hizo ndizo zilizokuwa zikiwalipa vizuri zaidi watu wa taaluma yetu, kwenye miradi ya maji, vyoo na chanjo. Kijana akiniuliza mwaka 2015 ningemwambia akimbilie huko. Leo ninasita. Misaada ya Marekani ilipokatwa mwanzoni mwa 2025 miradi mingi ilifungwa kwa wiki chache, na waliokuwa na mishahara ya kuonewa wivu wakarudi nyumbani na mabegi. Pamoja na hayo, Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 unataka kambi hizo ziwe manispaa. Manispaa inahitaji mtu wa kukagua soko, kichinjio na vibanda vya chakula, na huyo atakuwa mtu wa kaunti. Ukiona tangazo la manispaa hizo, usilipite.

Makaratasi

Pasipo leseni hakuna mazungumzo. Sheria ya mwaka 2013 iliunda Baraza la Maafisa na Mafundi wa Afya ya Umma. Unasajiliwa nalo, na leseni ya kufanya kazi unailipia upya kila mwaka. Wengi wakikosa kazi mwaka wa kwanza huacha kulipia, halafu tangazo linatoka likiwa na siku kumi na nne na wao wako kwenye foleni ya kutafuta stakabadhi. Lipa, hata kwa kukopa. Weka tayari cheti cha polisi cha tabia njema na zile karatasi nyingine za KRA, HELB na EACC. Jifunze kuendesha pikipiki na uwe na leseni yake, kwa sababu tangazo haliitaji lakini kazi inaitaka. Jifunze pia maneno mia mawili ya Kisomali, Kiborana au Kiturkana, kulingana na unakokwenda. Mjini Kiswahili kinatosha. Kilomita thelathini nje ya mji, kinakauka.

Mshahara wa diploma unaanzia kundi la H, na juu yake kuna posho ya mazingira magumu, ambayo kwa mtu asiye na familia hubaki karibu yote kwa sababu hakuna pa kuitumia. Mimi kiwanja nilichojengea nilikinunua kwa miaka ile miwili, pamoja na miezi mitatu ya deni. Hilo nalo ni kweli, na dadangu analijua kwa kuwa yeye ndiye aliyenitunzia fedha.

Mpwa wangu amelipia leseni yake. Amepeleka maombi Garissa na Marsabit. Mandera mamake amekataa kabisa na sikumbishia, maana mimi si mzazi wake. Juzi nilimkuta dadangu sokoni akipapasa blanketi nzito. Nikamwambia Garissa hakuna baridi, kule ni joto kuliko hapa. Akaniangalia kama mtu asiyejua dunia. "Na Marsabit je?" akaniuliza. Kuna aliyemwambia kwamba mji ule uko mlimani na asubuhi huwa na ukungu, na mwenye kumwambia hakukosea.